Sekunde Kumi na Moja

Barua pepe ilimkuta Généreuse Bagula amepiga magoti, anamvisha mzee mmoja soksi. Simu ilitikisika mfukoni. Hakuitoa mpaka alipomaliza mguu wa kushoto na kumfunika mzee blanketi. Ndipo alipoenda kwenye chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, katika nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi huko Hilliard, pembeni mwa jiji la Columbus, akasoma amesimama. Akaketi, akasoma tena.

Chuo cha Beargrass, cha Louisville, kilimjulisha kwamba mtihani wake wa hifadhidata, alioufanya Jumamosi tarehe tisa Aprili 2016, umezuiliwa. Mfumo wa usimamizi ulinasa sauti ya mtu mwingine ikizungumza na mwanafunzi kwa lugha ya kigeni. Muda mfupi baadaye mwanafunzi alichagua jibu lililolingana na maneno ya mtu huyo. Anatuhumiwa kwa udanganyifu. Ana siku kumi za kujibu.

Alirudi kazini. Alimwogesha bibi mmoja wa chumba namba sita, akabadilisha mashuka mawili, akamlisha mzee aliyekuwa akimwita kwa jina la binti yake. Mikono ilifanya kazi yenyewe. Kichwani alikuwa akihesabu miaka mitatu ya kusoma baada ya kazi kama hiyo, akiwa na harufu ya sabuni ya hospitali bado vidoleni.

Shahada yenyewe wengi hawakuielewa. Ilikuwa nusu kompyuta na nusu somo jingine ambalo mtu hujichagulia: muziki, afya, sheria, saikolojia. Généreuse, aliyefundisha Kifaransa Uvira kwa miaka sita, alichagua isimu, elimu ya lugha. Yote ilifundishwa kwa intaneti. Hakuwa amewahi kukanyaga Louisville. Mume wake, Zéphyrin, aliiita diplome ya nusu-nusu, lakini alisema kwa kutania, na kila Jumapili kanisani aliwaambia watu kwamba mke wake anasoma université.

Jioni ile alimkuta Zéphyrin anafunga viatu aende kazini ghalani. Mama mkwe wake, bibi Agata, alikuwa kwenye sinki anaosha lengalenga, mchicha wa kwao.

"Baba Sandrine, banasema nimeiba."

Zéphyrin aliinua kichwa. "Umeiba? Kwa kazi?"

"Hapana, mtihani. Banasema kulikuwa mutu ananipa majibu."

"Mutu gani? Si ulikuwa peke yako kwa chambre?"

Macho ya Généreuse yalimponyoka yakaenda kwenye sinki. Alijilaumu papo hapo. Bibi Agata alifunga bomba.

"Ni mimi," akasema bibi. "Ile siku ya maharagwe. Ni mimi."

*

Siku ile ya maharagwe ilikuwa hivi. Nyumba yao, apatimenti ya vyumba viwili nyuma ya barabara ya Morse, haikuwa na mahali pa kusomea. Généreuse aliweka kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi chumbani na kufunga mlango. Kabla ya mtihani kuanza, programu ya usimamizi ilimwamuru azungushe kamera aonyeshe kuta, dari, na chini ya kitanda. Ikamwamuru afungue kabati na avue kitambaa kichwani ili masikio yaonekane. Alivua. Kisha ikaandika kwamba haioni uso.

Alifungua pazia. Haioni uso. Akawasha taa zote. Haioni uso. Alichukua taa ya mezani ya binti yake, akaiweka kwenye rundo la vitabu, ikammulika usoni kwa umbali wa shubiri mbili, mpaka machozi yakamtoka. Hapo programu ikaridhika. Alifanya mtihani wa dakika tisini hivyo, amekodoa macho kama mtu anayehojiwa na polisi, na katazo juu ya skrini: usiondoke kwenye kiti, usitazame pembeni.

Dakika ya hamsini na tatu, bibi Agata alipiga kelele kutoka jikoni. Maharagwe yalikuwa yanaungua na moshi umejaa. Jiko la umeme lilikuwa na vifundo vinne vya kuwashia, na bibi aliviogopa. Mwezi mmoja nyuma alizungusha kisicho chenyewe na kuyeyusha sahani ya plastiki. Alikuja mbio mpaka kwenye korido, akasimama nyuma ya mlango, akauliza kama azime ya pili. Généreuse, macho kwenye skrini, alimwambia ya pili. Bibi akauliza tena. Généreuse akamjibu tena, afanye haraka. Moshi ukaisha. Mtihani ukaendelea. Alipotoka walicheka, wakakwangua sufuria pamoja.

Bibi Agata hakujua kusoma. Hata jina lake mwenyewe aliliandika kwa kunakili herufi moja moja kutoka kwenye kitambulisho. Sasa chuo kizima kilikuwa kinasema kwamba alimnong'oneza mkwewe majibu ya hifadhidata.

*

Mwanamke wa ofisi ya uadilifu wa masomo alijitambulisha kwa jina moja tu, Darlene. Alipiga simu saa kumi alasiri, siku ambayo Généreuse hakuwa na shifti. Alizungumza polepole mno, akipandisha sauti mwisho wa kila neno, kama watu wazungumzavyo na kiziwi.

"Je. Unahitaji. Mkalimani?"

"Hapana. Nimesoma kwenu miaka mitatu kwa Kiingereza."

"Vizuri sana," alisema Darlene, na Généreuse akasikia kwenye sauti yake lile tabasamu la kumpongeza mtoto aliyefunga vifungo vya shati. "Basi nikueleze njia mbili ulizo nazo."

Njia ya kwanza ilikuwa karatasi. Angetia sahihi kukiri kwamba alipata msaada usioruhusiwa. Angerudia kozi, na kosa lingebaki kwenye faili yake mwaka mmoja, halafu lifutwe. Njia ya pili ilikuwa kusikilizwa mbele ya kamati. Kamati ikimwona ana hatia, angefukuzwa, na barua ya kufukuzwa ingefuata jina lake kila chuo atakachoomba.

"Na kama kamati ikiona sina hatia?"

"Wanafunzi wengi huchagua karatasi," alisema Darlene. "Ni haraka. Watu wanataka kuendelea na maisha yao."

"Sikukuuliza wengi. Nimekuuliza mimi."

"Bi Bagula, sipendi sauti unayotumia."

Généreuse aliweka mkono mdomoni. Alikuwa amezungumza kwa sauti ileile anayozungumzia siku zote. Aliomba radhi. Kabla ya kukata simu alisema anachagua kamati.

Sandrine, binti yao wa miaka kumi na mitano, alikuwa mlangoni amesikia yote. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mama hakutakiwa kusema samahani.

"Ninajua," Généreuse akamjibu. "Nenda ukasome."

*

Siku nne baadaye chuo kilimtumia ushahidi. Kilikuwa kipande cha sauti cha sekunde kumi na moja, na tafsiri iliyopigwa chapa:

Mtu wa pili: Ya pili?
Mwanafunzi: Ya pili, ndiyo.
Mtu wa pili: Ya pili kweli?
Mwanafunzi: Ya pili. Haraka.

Chini yake ilikuwa sahihi ya mkalimani aliyeidhinishwa: Medard Ntahomvukiye, Buffalo, New York.

Alikisikiliza kipande kile mara sita. Kelele za bibi kuhusu moshi hazikuwemo. Neno moto halikuwemo. Kilianzia pale bibi aliposimama nyuma ya mlango, kikaishia kabla hajapiga kelele kwamba amezima. Na kila neno lililoandikwa lilikuwa kweli. Kama wangedanganya, angepata pa kushika.

Zéphyrin alisoma ile tafsiri, akaikunja, akaiweka mezani chini ya kopo la chumvi.

"Mama Sandrine, tia sahihi."

"Unasema nini?"

"Tia sahihi, bintu biishe. Bon, utarudia ile kozi. Mwaka mumoja si kitu. Wakikufukuza, ile miaka tatu yote imekufa."

"Nikubali kama niliiba?"

"Ni karatasi! Mimi nilitia sahihi ghalani ile siku mzigo ilianguka. Breki ya mashine ilikuwa imekufa, chef anajua, mimi ninajua. Nilitia sahihi kama ni kosa yangu. Leo niko kazini ao siko?"

"Uko kazini," Généreuse alisema. "Na tangu ile siku, chef akipita unamwangalia usoni?"

Zéphyrin alinyanyuka, kiti kikaanguka. "Sisi tuko bageni hapa! Unataka kupigana na batu ya université, unajua hata mulango yao iko wapi?"

Ulikuwa ugomvi wao mkubwa kuliko wote tangu wafike Columbus. Walipigana kwa maneno mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Na bibi Agata alikuwa kwenye kochi akiyasikia yote. Hakutetea upande wowote. Kuanzia siku ile aliacha kupika. Généreuse alipofungua kompyuta, hata kama ni kusoma habari tu, bibi alitoka nje akakaa kwenye ngazi za saruji bila koti, akasubiri kuitwa. Mara moja Sandrine alimkuta ameuma pindo la kitenge chake asije akakohoa.

"Koko, kompyuta imezimwa," Sandrine alimwambia, na safari hii alilazimika kutumia Kiswahili, kwa kuwa bibi hakuwa na lugha nyingine ya kumsikia.

"Hata kama," bibi akajibu. "Ile kitu inasikiaka."

Généreuse aliyaona hayo kupitia dirishani. Hofu yote aliyokuwa nayo juu ya kamati ikageuka kitu kingine, kikavu na kigumu. Walikuwa wamemfunga mdomo mama wa watu ndani ya nyumba yake mwenyewe, na kuna mtu amelipwa mshahara kwa kazi hiyo.

*

Mdogo wake Généreuse, Hyacinthe, aliishi Lackawanna, kusini mwa Buffalo. Alipotajiwa jina la Medard alicheka kwa hasira.

"Yaya, dada yangu, huyo si Medard wa korasi? Mrundi? Tunasali naye!"

Jumapili baada ya ibada Hyacinthe alimfuata Medard mpaka kwake, akaketi bila kukaribishwa, akaweka simu juu ya meza na kufungua spika. Medard alikuwa amekulia kambini Mtabila, Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redio. Kwa siku nyingi alifanya kazi kiwandani. Kutafsiri kwa simu na kwa maandishi kulimtoa kwenye mashine zilizokwisha kumla kidole kimoja. Aliipenda kazi ile kuliko alivyoweza kueleza.

"Dada, shikamoo yako naipokea hata kama hujaitoa," alianza kwa utani uliokufa njiani. "Mimi nilitumiwa sekunde kumi na moja. Nikatafsiri sekunde kumi na moja. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea."

"Sasa?"

"Ulisikia mama mzee anahema," Généreuse alisema. "Sekunde ya kwanza kabisa, kabla hajasema kitu. Anahema kama mtu aliyekimbia. Mimi nimesikia. Na wewe umesikia, kwa sababu kusikia ndiyo kazi yako. Hukujiuliza anakimbia nini?"

Medard aliisogeza simu kando kidogo.

"Hukuuliza barua ile inaenda wapi? Inaenda kumfunga nani?"

"Mkalimani haulizi, dada. Ukiuliza hawakuiti tena. Nina watoto wanne."

"Na mimi ninaogesha wazee wa watu ili nisome. Usinihesabie watoto."

Hyacinthe alitaka kudakia, Généreuse akamkatiza. Alimwambia Medard tarehe na saa ya kamati. Alimwambia kwamba kanuni za chuo zinampa mtuhumiwa haki ya kuomba rekodi yake isikilizwe yote, na mkalimani yuleyule aitwe kwa simu. Alikuwa amezisoma kanuni zile, kurasa arobaini na mbili, na ameshaomba kwa maandishi.

"Watakupigia. Sikuombi unisaidie. Utafsiri tu kila kitu, kama ulivyotafsiri zile kumi na moja."

Baada ya simu kukatwa, Medard alimsindikiza Hyacinthe mpaka mlangoni. Alikuwa amesikia ile pumzi. Aliisikia siku ile ile, akarudisha nyuma mara mbili kuhakikisha, halafu akatia sahihi.

*

Chuo kilitaka kamati ikutane kwa video. Généreuse alikataa. Kamera ilikuwa imeshindwa kuona uso wake mara moja, hakutaka kuipa nafasi ya pili. Aliomba ruhusa kazini, akakata tiketi mbili za basi, na Jumatano moja ya mwezi wa tano alishuka Louisville na bibi Agata, wamevaa nguo za kanisani, wana chakula kwenye ndoo ndogo ya plastiki.

Getini mlinzi alimdai kadi ya mwanafunzi.

"Ninasoma kwa intaneti. Hamkunipa kadi."

"Basi wewe si mwanafunzi wa hapa."

"Mnataka kunifukuza," Généreuse alimwambia. "Sasa mtanifukuzaje kama sipo?"

Mlinzi alipiga simu. Walisimama juani dakika ishirini kabla ya kuruhusiwa.

Chumba kilikuwa na meza ndefu. Upande mmoja walikaa watu watatu: mwenyekiti mwanamke mwenye mvi, Darlene akiwa na faili, na Profesa Halloran, mwalimu wa kozi ya Kompyuta na Jamii. Généreuse alimtambua mara moja. Alikuwa amemtazama kwenye skrini wiki kumi na tano, mpaka akajua anavyojikuna sikio kabla ya kusema jambo la maana. Yeye hakumtambua.

Bibi Agata alitakiwa kusubiri nje, kwa kuwa ndugu hawaruhusiwi kutoa ushahidi.

"Ndiye mnayesema alinipa majibu," Généreuse alisema. "Angalau mtazameni."

Walimtazama. Bibi alisimama mlangoni na ndoo yake, akawainamia kidogo kwa heshima. Kisha Darlene akamwonyesha benchi la korido.

Walianza na sekunde kumi na moja. Darlene alizisoma kwa Kiingereza, kwa sauti tulivu. Mwenyekiti alimuuliza Généreuse kama anakana kwamba maneno ni yake.

"Ni yangu. Ninaomba msikilize yaliyobaki. Mkalimani wenu yupo kwenye laini."

"Rekodi ni ya dakika tisini," mwenyekiti alisema huku akitazama saa.

"Nimekuja kutoka Columbus kwa basi. Nina muda."

Profesa Halloran alitabasamu kidogo na kupendekeza waanze dakika chache kabla ya tukio, inatosha. Hapo Généreuse alimgeukia.

"Profesa, wiki ya tatu ya kozi yako ulitufundisha kwamba mashine husikia bila kuelewa. Ulisema tusiulize mashine imesema nini kabla hatujauliza nani amekata ilichosikia. Niliandika kurasa nane juu ya jambo hilo. Ulinipa alama tisini na sita. Ukaandika pembeni kwamba nimeona mbali."

Halloran alijikuna sikio, lakini hakusema la maana wala lisilo la maana.

Walianza dakika ya hamsini na moja. Kwa muda ilisikika kalamu na pumzi ya Généreuse mwenyewe. Kisha, kwa mbali, kelele. Sauti ya Medard ikatoka kwenye spika ya mezani:

"Mwanamke mzee anapiga kelele. Anasema: moto. Anasema: maharagwe yanaungua, moshi umejaa. Anaita jina la mwanafunzi. Anasema: haya ma-bouton ni manne, nizime gani, ya kwanza ao ya pili?"

Zikafuata zile sekunde kumi na moja. Medard alizitafsiri vilevile, neno kwa neno. Kisha akaendelea: "Anasema: nimezima. Anasema: asante Yesu. Anasema: mwanangu, soma, usinijali, nimefungua dirisha."

Medard hakunyamaza.

"Waheshimiwa, nataka iandikwe kwamba mara ya kwanza nilipewa kipande kilichokatwa. Nilisikia mtu anahema kwa hofu, nikajua kuna kitu kabla yake. Sikuuliza. Nilipaswa kuuliza."

"Mkalimani atafsiri tu," Darlene alisema.

"Nimemaliza kutafsiri," Medard akajibu, na laini ikakatika.

Kamati ilitoka nje dakika saba. Iliporudi, mwenyekiti alisoma kwamba shauri limefutwa na alama za mtihani zitarudishwa. Hakuna aliyesema samahani. Darlene aliomba tu asaini kwamba ameupokea uamuzi.

"Nani alikata ile sauti?" Généreuse aliuliza.

"Mfumo hukata wenyewe," alisema Darlene.

"Na rekodi yote ilikuwa wapi?"

"Tulikuwa nayo."

"Mliisikiliza?"

Darlene alifunga faili.

Kwenye korido, bibi Agata alikuwa amesinzia amekumbatia ndoo. Profesa Halloran alimfuata Généreuse, akamshika kiwiko kwa upole. Alisema alivutiwa sana. Alisema kisa hiki ni mfano mzuri ajabu kwa darasa lake. Je, angekubali akitumie muhula ujao, bila jina?

Généreuse alitoa kiwiko chake mkononi mwake.

"Ukikisimulia, utasema ulikuwa umekaa upande gani wa meza?"

Halloran alicheka, akadhani ni mzaha. Alipoona si mzaha, uso ulimwiva.

"Basi hapana," Généreuse alisema. Akamwamsha mama mkwe wake.

*

Bibi Agata alirudi kupika wiki ile ile, ingawa hakugusa tena jiko wakati kompyuta iko wazi. Medard hakuitwa tena na kampuni ile ya ukalimani. Hyacinthe alimpigia dada yake kumwambia kwamba jamaa amerudi kiwandani, na kwamba kanisani sasa wanakaa benchi moja. Généreuse alimpigia Medard mwenyewe. Hawakuzungumza mengi. Alimwita kaka.

Septemba masomo yalifunguliwa. Kozi ya pili ya Halloran ilikuwa ya lazima, na ilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia mbili waliotawanyika nchi nzima. Wiki ya nne, Généreuse alikuwa anakunja nguo huku video ya somo ikiendelea. Sandrine ndiye aliyeacha kalamu kwanza.

"Mama," alisema. "Anakusema wewe."

Halloran alikuwa anasimulia habari ya mama mmoja wa Kiafrika, mkimbizi, na sufuria ya maharagwe. Alisimulia vizuri. Alimwigiza bibi kidogo, mikono hewani, na sauti yake ikawa na kicheko. Kisha akafika mwisho. Alisema fundisho ni kwamba mashine hukosea, lakini taasisi yenye watu makini hukaa chini, ikasikiliza rekodi yote, na kusahihisha. Mfumo ulifanya kazi, alisema.

Généreuse aliweka chini shati la mumewe. Aliketi, akafungua ukurasa wa majadiliano ambapo kila mwanafunzi wa kozi husoma, na akaandika kwa Kiingereza chake, bila kumwomba Sandrine amsahihishe.

Aliandika kwamba mama yule ni yeye, na jina lake ni Généreuse Bagula. Aliandika kwamba profesa alikaa upande wa washtaki na hakufungua mdomo, na kwamba yeye mwenyewe alimkataza profesa kutumia kisa hiki. Aliandika kwamba chuo kilikuwa na rekodi yote tangu siku ya kwanza na hakikuisikiliza mpaka yeye alipopanda basi. Aliandika kwamba kabla ya hapo walimpa karatasi ya kutia sahihi, na kwamba aliambiwa wengi hutia. Akamalizia kwa swali moja: ninyi wengi mko wapi?

Kwa saa nzima hakuna aliyejibu. Kisha mwanaume mmoja wa Arizona akaandika: Mtoto wangu alikuwa analia chumba cha pili. Nilitia sahihi. Baada yake mwanamke wa Detroit: Kamera haikuniona usoni, wakasema nimeuficha uso. Nilitia sahihi. Kijana mwenye ugonjwa wa kutikisa kichwa: Walisema natazama pembeni. Nilitia sahihi. Waliendelea kuja, mmoja mmoja, wengine kwa mstari mmoja tu, kama watu wanaovua viatu mlangoni.

Saa kumi na moja jioni iliingia barua ya Darlene. Maandishi yake yamekiuka kanuni za ukurasa wa majadiliano. Ayafute kabla ya siku kwisha, la sivyo ofisi italazimika kuchukua hatua.

Zéphyrin alikuwa amevaa viatu vya kazi tayari. Alisogea nyuma ya kiti, akasoma barua ile polepole, midomo ikicheza. Généreuse alisubiri aseme anachosema siku zote.

"Wamefika wangapi?" Zéphyrin aliuliza.

"Kumi na wanne."

Alitazama majina yale kwenye skrini, akarudi juu, akayasoma tena yote. Kisha akavuta kiti kingine, akaketi, ingawa saa ya shifti ilikuwa imefika.

"Usifute," alisema. "Hata neno moja."

Généreuse aliifunga barua ya Darlene bila kuijibu. Akarudi kwa wale kumi na wanne, akaandika: Nani kati yenu bado ana karatasi yake?